Mbio za kumkumbuka mzazi zianze kwa kupimwa presha

Msomaji, huenda umempoteza mama au baba aliyeugua kwa miaka mingi. Alisahau kwanza mahali alipoweka funguo, kisha njia ya kurudi nyumbani, na mwishowe jina lako. Sasa umeamua kukimbia mbio za Nairobi kwa kumbukumbu yake. Ni jambo jema, lakini kabla hujanunua viatu, soma haya.

Ugonjwa huo madaktari huuita dimenshia. Si uchawi wala laana. Hata si uzee tu, kwani wako wazee wanaofika miaka 90 wakiwa na akili timamu. Aina iliyo ya kawaida zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuharibika. Hadi leo hakuna dawa ya kuziponya.

Wenzako wamekutangulia katika njia hiyo. Eliud Kipchoge aliposhinda mbio za London Aprili 28, 2019 kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 37, nyuma yake walikuwako watu wa kawaida waliokuwa wakichanga pesa za utafiti wa dimenshia. Mmoja wao alikuwa Scott Mitchell, mumewe Barbara Windsor, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa akiugua ugonjwa huo na ambaye alifariki Desemba 2020.

Watoto wa wagonjwa huuliza, "Daktari, nami nitaupata?" Kuwa na mzazi aliyeugua huongeza hatari kiasi, lakini mara nyingi ugonjwa huu haurithiwi moja kwa moja. Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, unene, kutosikia vizuri na kukaa bila mazoezi. Walikadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vingezuilika au kucheleweshwa.

Mazoezi hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari na huifaa mishipa inayopeleka damu ubongoni. Si kinga kamili, lakini hupunguza hatari. Hata hivyo, mbio za siku moja hazitoshi. Faida hutokana na miezi ya matayarisho na miaka inayofuata. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki.

Tatizo ni kwamba anayemuuguza mzazi mara nyingi hujisahau. Hulala kidogo, hula ovyo na huahirisha kwenda kliniki. Presha nayo huweza kupanda bila dalili yoyote. Kwa hiyo, ikiwa umepita miaka 40 na hujazoea mazoezi, nenda ukapimwe presha na sukari kwanza. Ikiwa huumwa kifua, hupoteza fahamu, au katika jamaa zako yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana, usianze kukimbia kabla ya kumwona daktari.

Baada ya hapo, anza kwa kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza bila kutweta. Baada ya wiki chache changanya kutembea na kukimbia, ukiongeza umbali kidogo kidogo na kupumzika angalau siku moja kila wiki. Chagua kilomita 5 au 10 mwaka wa kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Siku ya mbio, kunywa maji kwa kadiri ya kiu. Maji kupita kiasi huweza kupunguza chumvi katika damu na kuleta hatari. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni kabla ya kukimbia, kwani zaweza kuumiza figo. Kifua kikikubana au ukisikia kizunguzungu, simama na uombe msaada. Hakuna mzazi ambaye angetaka umalize kwa gharama hiyo.

Na ikiwa mzazi mmoja angali hai, mpitie jioni mtembee naye hadi dukani na kurudi. Mazoezi hayo yanamfaa yeye pia.