Istilahi za Ufuatiliaji wa Gesijoto za Kiwandani

Mwalimu mmoja wa sayansi afundishaye Shumba, wilaya ya Micheweni, kisiwani Pemba, ametuletea sentensi aliyoikuta katika maelezo ya kufundishia. Sentensi hiyo yasema kwamba majokofu "huzalisha hewa ukaa inayotoboa ozoni na kuleta joto duniani". Mwanafunzi wake, mtoto wa mvuvi, alimwuliza: jokofu la kuhifadhia samaki halichomi kuni, makaa wala mafuta, je, hiyo hewa ukaa yatoka wapi?

Swali la mtoto huyo ni sahihi kuliko sentensi aliyofundishwa. Katika maneno hayo machache zimechanganywa gesi za namna mbalimbali, matendo mawili yasiyofanana, na madhara mawili yenye sababu tofauti. Mchanganyiko huo haumo katika madarasa ya Shumba peke yake. Tumeukuta katika hotuba, katika fomu za idara na katika tafsiri za mikataba. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo lenyewe kwanza, kisha tupendekeze maneno ya kulitajia.

1. Jambo lenyewe

Ndani ya mabomba ya jokofu mna kitu kizungukacho bila kutoka. Kikishindiliwa na kompresa hupata joto, na joto hilo likipotelea nje hugeuka kimiminika. Kikiachiwa nafasi hugeuka gesi tena, na katika kugeuka huko hufyonza joto la vyakula vilivyomo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, ambazo zikivuja humdhuru mtu. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gesi za aina nyingine, zenye kaboni, klorini na florini, yaani klorofluorokaboni. Hazikuwaka moto, hazikuwa na sumu kali, na zilidumu sana. Kudumu kwake ndiko kulikozifanya zipendwe, na ndiko kulikokuja kuleta taabu.

Mwaka 1971 James Lovelock, mwanasayansi wa Uingereza, alipakia katika meli iitwayo Shackleton kipimo alichokibuni mwenyewe, akapima hewa ya bahari katika safari ya kuelekea Antaktika. Klorofluorokaboni ilionekana kila mahali, hata katikati ya bahari ambako hakuna kiwanda wala jokofu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizo hupanda hadi tabaka la ozoni, na huko mwanga mkali wa jua huzivunja zikatoa klorini inayoila ozoni. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ilikuwa imepungua mno juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993.

Viwanda vikahamia hidrofluorokaboni, ambazo hazina klorini. Hizi haziili ozoni, lakini huzuia joto la dunia lisitoke kwa nguvu iliyo mara mia kadhaa au maelfu kuliko dioksidi ya kaboni ya uzito ule ule. Ndiyo maana mataifa yalikutana tena, mara hii Afrika Mashariki, katika mji wa Kigali, mwezi wa Oktoba 1996 ukiwa umekwisha pita kwa miaka 20, yaani Oktoba 2016, wakakubaliana kuzipunguza. Katika jamii hiyo ya gesi zenye florini wamo ndugu wengine: perfluorokaboni zitokazo hasa katika uyeyushaji wa alumini na utengenezaji wa vifaa vya elektroniki, heksafloridi ya salfa itumiwayo katika swichi kubwa za umeme wa nguvu, na trifloridi ya naitrojeni.

2. Hewa ukaa, hewa chafu, au gesijoto?

Neno "ukaa" limetokana na makaa, nalo lataja kaboni. "Hewa ukaa" basi ni jina zuri la dioksidi ya kaboni, na libaki hapo. Likitumiwa kuwa jina la kila gesi izuiayo joto, linapotosha. Heksafloridi ya salfa haina kaboni hata chembe moja, na trifloridi ya naitrojeni kadhalika. Mtu aziitaye hewa ukaa ni kama aitaye kila samaki changu kwa kuwa changu ndiye aliyezoeleka sokoni.

"Hewa chafu" nayo haifai. Uchafu tunaujua kwa moshi, harufu, vumbi na kikohozi. Gesi hizi hazina rangi, na nyingi hazina harufu. Mwananchi aliyeambiwa ajihadhari na hewa chafu atatazama moshi wa jaa la taka, wala hatalitilia shaka bomba linalovuja kimya nyuma ya friza.

"Gesijoto" limekwisha enea katika maandishi ya serikali, na sisi twaliunga mkono kwa sharti kwamba lifafanuliwe. Si gesi yenye joto, bali gesi izuiayo joto. Wataalamu wa nchi za baridi waliifananisha kazi yake na nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea. Mfano huo haumsaidii mwanafunzi wa Pemba ambaye hajaiona nyumba hiyo. Blanketi lamtosha: halina moto ndani yake, lakini aliyejifunika hupata joto kwa sababu joto la mwili wake limezuiwa lisipotee upesi.

Kwa kundi tunalolizungumzia hapa twapendekeza "gesijoto zenye florini". Tumekwepa "gesi zilizofloridishwa", kwa sababu lataja namna ya kutengenezwa, na kwa msomaji wa kawaida ni neno la kumpiga chenga. "Zenye" latosha.

3. Kutengeneza, kutoa na kutumia

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mfasiri na kwa mtumishi wa serikali. Neno "uzalishaji" limekuwa likitumiwa kwa mambo mawili: kiwanda kutengeneza gesi, na gesi kuingia hewani. Katika mikataba hayo ni mambo mbalimbali, na kila moja lina hesabu yake. Nchi yaweza kuwa haina kiwanda hata kimoja cha hidrofluorokaboni, na papo hapo majokofu yake yakawa yanavuja kila siku. Karani akiulizwa kwa neno "uzalishaji" ataandika sufuri, naye atakuwa amejibu kweli kwa maana moja na uongo kwa maana ya pili. Takwimu ya taifa itakuwa imepotea kwa kosa la neno.

Twapendekeza "utengenezaji" kwa kazi ya kiwanda, na "utoaji" kwa gesi kuingia angani kwa njia yoyote ile. "Uvujaji" uwe sehemu ya utoaji, pale gesi inapotoroka bila kukusudiwa.

Neno la tatu ni gumu zaidi. Mkataba wa Montreal una hesabu ambayo wafasiri huiita "matumizi". Maana yake si gesi iliyotumika, bali ni jumla hii: iliyotengenezwa nchini, kujumlisha iliyoingizwa kutoka nje, kutoa iliyopelekwa nje. Mtungi ulioshushwa bandarini ukawekwa ghalani bila kufunguliwa umekwisha hesabiwa. Twashauri hesabu hiyo iitwe "matumizi ya kimkataba", ili msomaji aonywe kwamba si matumizi ya kila siku. Nalo si jambo la baadaye: kwa mapatano ya Kigali nchi nyingi zinazoendelea, za kwetu zikiwamo, zilitakiwa kusimamisha kiwango chao kuanzia 2024, kisha kukipunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2029, na kuendelea hadi asilimia 80 ifikapo 2045. Kinachopunguzwa ni matumizi ya kimkataba.

Lugha ya mafundi nayo yataka kuangaliwa. Jokofu lisipogandisha, husemwa "gesi imeisha", kama isemwavyo gesi ya kupikia. Lakini gesi ya kupikia huisha kwa kuungua. Ya jokofu haiungui wala hailiwi. Ikipungua, imevuja. Asemaye "imeisha" atataka ijazwe nyingine. Asemaye "imevuja" atatafuta tundu kwanza. Tofauti hiyo ina uzito wake. Katika hesabu za Kigali kilo moja ya hidrofluorokaboni-134a, iliyoenea sana katika majokofu na viyoyozi vya magari, hulingana na kilo 1,430 za dioksidi ya kaboni. Mtungi mmoja wa kilo 13.6 ukiachiwa hewani ni sawa na tani 19 na zaidi. Mvuvi naye hupoteza fedha za kujaza na barafu ya siku hiyo.

Hilo ndilo jibu la mwanafunzi wa Shumba: jokofu halizalishi hewa ukaa, huvujisha gesi iliyotiwa ndani yake kiwandani. Ikiwa ni ya kale yenye klorini, huila ozoni na kuzuia joto. Ikiwa ni hidrofluorokaboni, huzuia joto tu.

4. Ukolezi, na pepo zetu mbili

Kufuatilia gesi hizi ni kupima kiasi chake katika hewa mara kwa mara, mahali pale pale, kwa miaka mingi. Kiasi hicho twakiita "ukolezi", kwa kitenzi tukijuacho jikoni: chumvi imekolea, au haijakolea. Ila chumvi hii ni ndogo mno. Hupimwa kwa "sehemu kwa trilioni". Sehemu moja kwa trilioni ni kama sekunde moja katika miaka zaidi ya 31,000. Hidrofluorokaboni-134a imezidi sehemu 100 za namna hiyo, na heksafloridi ya salfa imezidi 11. Wapimaji huipitisha hewa katika mtego wa baridi kali ili gesi zinase, kisha huzitenganisha na kuzitambua moja moja kwa uzito wa vipande vyake. Kazi hiyo imefanywa mfululizo tangu 1978 na mtandao wa vituo vilivyowekwa pwani za mbali, kama Ireland, Barbados, Samoa na Tasmania, ambako upepo huleta hewa iliyokwisha changanyika.

Upepo ndio ufunguo, na katika jambo hili Kiswahili hakina haja ya kukopa. Viwanda vingi na majokofu mengi yapo kaskazini ya dunia, kwa hiyo hewa ya huko ina ukolezi mkubwa kuliko ya kusini. Kaskazi ivumapo, tangu Desemba hadi Machi hivi, pwani yetu hupata hewa iliyovuka ikweta kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi. Kusi ivumapo, hupata hewa ya bahari ya kusini. Katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, ambako sampuli za hewa zilichukuliwa kwa miaka mingi, tofauti ya majira hayo huonekana katika vipimo. Mwalimu wa Shumba anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba kaskazi ileile iliyoleta majahazi huleta pia, kwa kiasi kisichohisiwa na pua, pumzi ya viwanda vya mbali.

5. Daftari na anga

Ziko njia mbili za kujua utoaji wa gesi. Ya kwanza ni kujumlisha taarifa za viwanda, forodha na mafundi. Hiyo twaiita "hesabu ya daftari". Ya pili ni kupima ukolezi hewani, kuuzingatia upepo na muda gesi inaodumu, kisha kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Hiyo twaiita "hesabu ya anga". Moja huisahihisha nyingine.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2018. Kwa daftari, utengenezaji wa klorofluorokaboni-11 ulikuwa umekoma duniani tangu 2010. Vipimo vya anga vikaonyesha kwamba ukolezi wake ulikuwa ukipungua polepole kuliko ilivyotazamiwa, na kwamba utoaji ulikuwa umeongezeka baada ya 2012. Mwaka 2019 vituo vya Gosan, Korea ya Kusini, na Hateruma, Japani, viliwezesha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka mashariki ya China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei. Hatua zikachukuliwa, na taarifa za 2021 zikaonyesha kwamba utoaji ulikuwa umeshuka tena. Daftari lilinyamaza, hewa ikasema. Mfasiri atakayeandika "uzalishaji" katika kila mstari wa habari hii hataweza kuonyesha ni nini kilichokomeshwa na ni nini kilichoendelea.

6. Mapendekezo

Twaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi:

Gesijoto: gesi izuiayo joto la dunia lisipotee angani.
Gesijoto zenye florini: gesijoto ambazo florini ni sehemu ya umbo lake, nyingi zikiwa zimetengenezwa viwandani.
Hewa ukaa: dioksidi ya kaboni, wala si gesijoto nyingine.
Utengenezaji: kuundwa kwa gesi kiwandani.
Utoaji: kuingia kwa gesi angani kwa njia yoyote.
Uvujaji: utoaji usiokusudiwa.
Matumizi ya kimkataba: iliyotengenezwa na iliyoingizwa nchini, kutoa iliyopelekwa nje.
Ukolezi: kiasi cha gesi katika kiasi maalumu cha hewa.
Muda wa kudumu: wastani wa miaka ambayo gesi hubaki angani kabla ya kuvunjika au kuondolewa.
Hesabu ya daftari na hesabu ya anga: kama zilivyoelezwa juu.

Istilahi haikamiliki kwa kuchapishwa. Hukamilika kwa kutumiwa. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa idara waijaribu orodha hii katika kazi zao, wawasikilize pia mafundi na wavuvi wa sehemu zao, na watuletee maneno yaliyo bora zaidi pale watakapoyapata.