Mwendo wa Magari Mtaani Huamuliwa Katika Kura za Mchujo

Mzazi anapomwonya mwanawe asivuke barabara kabla ya kutazama kulia na kushoto, aghalabu hudhani kuwa ametimiza wajibu wake wote. Lakini kasi ya gari linalopita mbele ya shule huwekwa na sheria, na sheria hutungwa na watu tuliowachagua. Leo tunawaelekea hasa ndugu zetu wenye uraia wa Marekani, na wasomaji wenye jamaa huko, kwa mfano wa New York.

Tarehe 8 Oktoba 2013, Sammy Cohen Eckstein, mtoto wa miaka 12, aligongwa na gari na kufariki huko Brooklyn. Mama yake, Amy Cohen, alijiunga na wafiwa wengine kuanzisha chama cha Families for Safe Streets. Wakati ule mwendo wa kawaida ulioruhusiwa mitaani ulikuwa kilomita 48 kwa saa. Ajabu ni kwamba jiji hilo, lenye watu zaidi ya milioni 8, halikuwa na uwezo wa kuupunguza kwa hiari yake. Idhini ilipaswa kutoka Albany, kwenye Bunge la Jimbo.

Mwaka 2014 idhini ilipatikana, mwendo ukashuka hadi kilomita 40. Kushuka hadi 32 kulihitaji subira ndefu. Juni 2023 wafiwa waligoma kula huko Albany. Seneti ikaupitisha muswada, baraza la pili likaahirisha kikao bila kuupigia kura. Sheria ya Sammy ilipita mwaka 2024. Tofauti ya namba hizo si ndogo: gari la kilomita 48 hugonga kwa nishati inayozidi mara mbili ya lile lile likienda kilomita 32.

Kamera za kunasa waendao kasi karibu na shule nazo zina kisa chao. Julai 2018 idhini yake ilimalizika kwa kuwa Seneti haikuirefusha. Gavana na baraza la jiji wakachukua hatua za dharura kuzirejesha kabla ya shule kufunguliwa. Septemba hiyo hiyo, katika kura za mchujo, maseneta 6 wa Democratic waliokuwa wameshirikiana na Republican waliangushwa na wanachama wa chama chao wenyewe. Sababu zilikuwa nyingi, wala hatudai kuwa barabara pekee ndiyo iliyowaondoa. Hata hivyo, Novemba uongozi wa Seneti ulibadilika, na mwaka 2019 Bunge likaidhinisha kamera katika maeneo 750 ya shule. Mwaka 2022 zikaruhusiwa kufanya kazi usiku na mchana.

Msomaji wa Tanzania anayejua kura za maoni ndani ya chama hatashangaa. Penye ngome ya chama kimoja, anayeshinda huko ndani ni kama amekwisha kushinda uchaguzi. Ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya jiji la New York. Tena wanaojitokeza katika mchujo ni wachache, hivyo familia chache za mtaa mmoja zaweza kuupinda uamuzi.

Basi anayetaka kupiga kura hiyo ajiandae mapema. New York humruhusu tu aliyejiandikisha kuwa mwanachama wa chama husika, na mwisho wa kubadili chama ni katikati ya Februari, ilhali mchujo wa Bunge la Jimbo hufanyika Juni, kila baada ya miaka miwili. Majimbo mengine yana kanuni zake. Ziulizwe kwa wasimamizi wa uchaguzi.

Kisha waulizwe wagombea, kwa adabu lakini bila kuzungushwa: uliipigiaje kura kamera ya shule yetu? Unakubali mwendo upunguzwe? Jibu lao lipimwe kabla ya Juni, maana Novemba huenda likawa halina tena wa kulipima.