Tovuti unayo, lakini wateja wanaiona?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa biriani ya binti wa ami yangu, maneno hayo yalikuwa kweli miaka mingi. Hupikia harusi na khitma akiwa nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa, na aliyeonja ndiye aliyemletea mteja mwengine. Lakini siku hizi bwana harusi yuko Nairobi, bibi harusi yuko Malindi, na anayepanga karamu ni dada aliye Dubai. Hao hawana jirani wa kumuuliza. Wanaiuliza simu.

Ndipo akatengenezewa tovuti. Mwaka mzima ukapita, hakuna mteja hata mmoja aliyetokea huko. Kabla ya Ramadhani akapigiwa simu na kijana asiyemjua: lipa shilingi 30,000, na kwa siku saba utakuwa wa kwanza kwenye Google. Akatoa nusu. Siku saba zikaisha, na nambari ya yule kijana ikawa haipatikani tena. Nayaandika haya kwa idhini yake, kwani najua si yeye peke yake.

Tuanze na uongo huo. Google huuza matangazo, na matangazo hayo hutiwa alama kwamba yamelipiwa. Lakini matokeo ya kawaida hayauzwi. Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Basi anayekuahidi hilo, ama haijui kazi, ama anakuibia.

Sasa, mtambo huo unafanyaje kazi? Google ina programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwengine. Zinachokisoma zinakiweka katika hifadhi kubwa, mfano wa daftari la mwenye duka. Mtu akiuliza, jibu hutolewa humo daftarini. Kama hujaandikwa, hutatajwa. Ukitaka kujua kama umo, andika site: kwenye Google, halafu ufuatishe anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kurasa zako zikitokea, umo. Zisipotokea, jiandikishe kwenye Google Search Console, ambayo ni bure, uombe ukurasa wako usomwe.

Tovuti ya binti wa ami yangu ilikuwamo. Tabu ilikuwa ni kile kilichoandikwa. Usiku mmoja baada ya taraweh tulikaa tukaifungua. Ilikuwa picha moja kubwa ya bango: jina, vyakula na nambari ya simu, vyote ndani ya picha. Kichwa cha ukurasa, yaani yale maneno yanayotokea kwenye matokeo, kilisema "Karibu". Hakuna mahali palipoandikwa kwa herufi za kawaida neno biriani, wala harusi, wala Mombasa. Mtambo unategemea maneno. Usiuachie kazi ya kubahatisha yaliyo pichani.

Nikamuuliza, "Dada, mteja akikupigia, husema nini?" Akajibu, "Huuliza, mwaweza kupika biriani ya watu mia tatu, mkaileta Nyali?" Hayo ndiyo maneno ya kuandika. Tukafanya ukurasa mmoja wa karamu za harusi, mmoja wa khitma na maulidi, na mmoja wa futari. Kila mmoja ukapewa kichwa chake, kwa mfano "Biriani na pilau za harusi, Mombasa". Tukaandika anapika kwa watu wangapi, anafikisha mitaa gani, na mteja aagize siku ngapi kabla. Tukaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu wateja wake hutafuta kwa lugha zote mbili.

Lakini usirudie neno biriani mara hamsini ukidhani unauhadaa mtambo. Hiyo ni hila ya zamani, na Google huihesabu kuwa udanganyifu. Andika kama unavyomjibu mtu mlangoni.

Hatua ya pili ni ramani. Wasifu wa biashara kwenye Google haulipiwi, na kwa biashara ndogo huenda ukafaa kuliko tovuti yenyewe. Mtu akitafuta kitu kilicho karibu naye, Google hutazama mambo matatu: biashara inahusiana vipi na alichouliza, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Akina mama wengi wanaopikia nyumbani huogopa nyumba zao kuonekana ramanini. Si lazima. Unaweza kuficha anwani ukataja tu maeneo unayohudumia. Na ukibadilisha saa zako mwezi wa Ramadhani, zibadilishe humo pia, mteja asije akapiga simu bure.

Maoni ya wateja yana uzito. Waombe waliokula kweli waandike wanachokijua, na ukilaumiwa, jibu kwa adabu. Kununua maoni au kumwambia mpwa wako ajifanye mteja kunakatazwa na Google, na sisi hatukuhitaji Google kutufundisha kwamba ghushi sokoni ni haramu.

Tatu, kumbuka simu. Google huusoma ukurasa wako kama unavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. Picha nzito zinamla mteja bando, naye hataingoja. Zipunguze ukubwa, na kila moja uitilie maelezo mafupi ya maandishi: "sinia ya biriani ya kuku" badala ya tarakimu zilizotoka kwenye kamera.

La mwisho, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwako na neno la siri unalo. Binti wa ami yangu ilibidi amtafute aliyemtengenezea wiki mbili nzima ndipo tukaweza kubadilisha neno moja.

Baada ya hapo ni subira. Mabadiliko mengine huonekana kwa siku chache, mengine huchukua miezi. Yeye si wa kwanza kwenye Google. Ukiandika "biriani Mombasa", mahoteli makubwa yangali mbele yake. Lakini Mfungo Tatu alipigiwa simu na familia ya Nairobi wasiojuana naye kabisa, wakitaka chakula cha harusi. Alipowauliza nani amewaelekeza, walisema wametafuta mpishi wa harusi Mombasa wakamuona.

Zile 15,000 hazikurudi. Kilicholeta mteja hakikumgharimu ila usiku tatu na kikombe cha kahawa, na cha kahawa nilikinywa mimi.