Mwalimu Aondoke au Abaki? Baraza la Mpira katika Kisangani

Mtu akipita jioni ya Jumapili karibu na uwanja wa Lumumba, hapa Kisangani, atawakuta vijana wa toleka wameegemeza baiskeli zao ukutani, wala hawatafuti abiria. Wanabishana. Kando yao wamesimama wazee waliotoka Mangobo, mama mmoja au wawili wenye masinia ya karanga, na hata wanafunzi ambao iliwapasa kuwa nyumbani wakiandika kazi zao za Jumatatu. Lugha ni mbili, Kiswahili na Kilingala, na mara nyingi zachanganyika katika neno moja. Lakini swali ni lile lile: mwalimu wa timu aondoke, au aachwe aendelee na kazi yake?

Swali hili halimaliziki katika mji wetu. Leo lahusu TS Malekesa, kesho lahusu AS Nika au AS Makiso. Tena inapocheza timu ya taifa, yaani Léopards, Chui wetu, basi mji mzima, tangu Makiso hata Lubunga ng'ambo ya mto, wageuka kuwa baraza moja. Sisi nasi tumeketi katika baraza hilo mara nyingi, wala hatukukaa kimya. Ndiyo maana twataka leo kuyapima maneno yetu wenyewe, tuone yalikuwa na uzito gani mbele ya mambo yaliyotokea kweli.

Tukumbuke mwaka 2022. Wakati ule Chui walifundishwa na Héctor Cúper wa Argentina, mtu mwenye sifa kubwa. Aliifikisha Valencia ya Hispania katika fainali mbili za Kombe la Mabingwa wa Ulaya, mwaka 2000 na 2001, akaipeleka Misri katika Kombe la Dunia la 2018. Nani angemkataa mtu wa namna hiyo? Walakini sifa za jana hazichezi mpira wa leo. Mwezi wa Machi 2022 tulikwenda sare ya 1-1 na Morocco katika Kinshasa, kisha katika Casablanca tukafungwa 4-1, na njia ya kwenda Kombe la Dunia ikafungwa. Mwezi wa Juni tulianza kuitafuta nafasi ya Kombe la Afrika. Gabon ikatufunga 1-0 nyumbani kwetu Kinshasa. Siku nne baadaye Sudan ikatufunga 2-1. Hapo baraza la Kisangani lilikuwa na sauti moja, jambo ambalo ni nadra: aondoke.

Akaondoka. Mwezi wa Agosti akaja Sébastien Desabre, Mfaransa. Watu walinung'unika, nasi tulinung'unika pamoja nao. Wengi waliuliza kwa nini hatafutwi mwana wa nchi, wakamtaja Florent Ibenge, aliyetupatia nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika la 2015, na mwaka uliofuata akatwaa katika Rwanda kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza katika nchi zao. Neno lao halikuwa la kijinga. Lakini wenye kumbukumbu nzuri walijibu kwamba huyu Desabre ndiye aliyekuwa mwalimu wa Uganda mwaka 2019, siku ile katika Cairo tulipofungwa 2-0, na mwalimu wetu siku ile alikuwa Ibenge huyo huyo. Kumwajiri mtu aliyekushinda si aibu. Mwindaji hujifunza hata kwa mnyama aliyemponyoka.

Basi mambo yakageuka. Mwaka 2023 Chui waliifunga Mauritania 3-1, wakaenda sare nayo, wakaifuata Gabon kwake wakaifunga 2-0, mwisho wakaifunga Sudan 2-0. Timu iliyopoteza michezo yake miwili ya kwanza ikamaliza mbele ya kundi lake. Kwa hiyo twaweza kusema bila haya kwamba mwaka 2022 mashabiki walisema kweli.

Sasa tufike mahali tulipokosea.

Kombe la Afrika lilichezwa katika Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024. Tulicheza na Zambia, 1-1. Tulicheza na Morocco, 1-1, na penalti yetu moja ikapotea. Tulicheza na Tanzania, 0-0. Michezo mitatu, pointi tatu, hakuna ushindi hata mmoja. Jioni ile ya tarehe 24 Januari maneno yaliyosemwa hapa mjini hayafai kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto. Ilisemwa kwamba mwalimu ni mwoga, kwamba hajui kubadili wachezaji, kwamba afukuzwe kabla ndege haijarudi. Nasi tulisema aondoke. Twakiri.

Na siku ile ile, katika nchi ile ile, wengine walilitenda jambo tulilolitaka sisi. Wenyeji, Côte d'Ivoire, walikuwa wamefungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao. Siku mbili baadaye wakamwachisha kazi mwalimu wao, Jean-Louis Gasset, mashindano yakiwa katikati, wakampa timu msaidizi wake, Emerse Faé. Jioni ile Morocco iliifunga Zambia, na kwa ushindi huo Côte d'Ivoire ikaponea mlangoni, ikaingia katika raundi ya pili. Tangu hapo haikushindwa tena, na tarehe 11 Februari ikatwaa kombe.

Mtu atasema: mwaona? Wamefukuza, wameshinda! Habari hii ni silaha kali katika kila ubishi, na mpaka leo yatumika hapa kumaliza maneno. Lakini tuitazame vema. Faé hakutoka mbinguni. Alikuwa amekaa na wachezaji wale muda wote, aliwajua kwa majina na kwa tabia, alijua nani ana hasira na nani ana hofu. Waliondoa kichwa, nyumba wakaiacha imesimama. Nasi tungaliwafukuza watu wetu katikati ya safari, tungalimpa nani timu? Siku ile hakuna aliyeuliza. Tulitaka mtu aondoke, hatukutaka kujua nani aje.

Tena kuna jambo ambalo macho yetu hayakuliona kwa sababu yalitazama pointi tu. Timu ile haikufungika kwa wepesi. Katika michezo saba ya mashindano yale Chui walifungwa mabao matano tu wakati wa mchezo, wala hakuna timu iliyowafunga mabao mawili katika siku moja. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, nayo ilikuwapo tangu mchezo wa kwanza, mbele ya macho yetu. Siku nne baada ya matusi yale tulikwenda sare ya 1-1 na Misri, tukafika kwenye penalti. Golikipa wa Misri akapiga mwamba. Golikipa wetu, Lionel Mpasi, akaiweka yake wavuni, 8-7. Kisha Guinea ikafungwa 3-1. Wale waliotaka mwalimu afukuzwe walicheza ngoma mpaka usiku wa manane, nasi tukiwamo.

Tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali katika Abidjan, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu walifunika vinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani mfano wa bastola, ili dunia ijue kwamba watu wa mashariki ya Kongo wauawa na dunia yanyamaza. Katika mji huu hakuna aliyehitaji kufasiriwa ishara ile. Kisangani ilionja vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana barabarani mwetu. Tulifungwa 1-0 na wenyeji, lakini usiku ule hatukusikia mtu akisema mwalimu aondoke.

Wazee wa baraza wana mfano mwingine. Mwaka 1974, tulipokwenda Ujerumani kwa jina la Zaire, mwalimu alikuwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, aliyekuwa ameipeleka Morocco katika Kombe la Dunia la 1970. Tarehe 18 Juni Yugoslavia ilitufunga 9-0. Dakika ya 21, bao la tatu likiisha kuingia, alimtoa golikipa Kazadi akamwingiza Tubilandu. Mashabiki wengi walifanya hesabu ya haraka: mwalimu ni wa Yugoslavia, adui ni Yugoslavia, basi ametuuza. Miaka mingi baadaye wachezaji wenyewe walieleza kwamba walikuwa wamenyimwa fedha walizoahidiwa, wakaingia uwanjani bila moyo. Mwalimu gani angeliziba tundu hilo?

Jambo hili latugusa hapa zaidi kuliko Kinshasa. Sisi tuko mbali na mji mkuu kilomita zaidi ya 1,700 kwa njia ya mto, na timu ya Kisangani ikicheza ugenini yahitaji tiketi za ndege kwa kundi zima. Mwalimu wa namna hiyo aweza kupata wachezaji wake wote pamoja siku chache tu kabla ya mchezo; na akifungwa, huitwa mjinga na watu waliokwisha kumwona mchezaji wake bora akipanda ndege kwenda kuchezea timu ya fedha nyingi. Twawaomba wanafunzi wetu, ambao sauti zao ni kali kuliko za wote, waulize kwanza habari za mazoezi na za mishahara, ndipo wapige kelele. Huenda baada ya kuuliza wakaona kwamba kweli aondoke. Hapo wapige kelele.

Tarehe 9 Septemba 2025, katika Kinshasa, Chui waliiongoza Senegal 2-0 wakaja kufungwa 3-2. Baraza likaanza upya: Desabre aende zake. Safari hii tulinyamaza. Mwezi wa Novemba, katika Morocco, Cameroon ikafungwa 1-0. Siku tatu baadaye ikaja zamu ya Nigeria, 1-1, kisha penalti, na nahodha Chancel Mbemba akaifunga ile ya mwisho. Barabarani pembe za pikipiki na kengele za baiskeli zikapigwa pamoja. Mmoja wetu, jasho likimtoka kwa furaha, alikuwa bado anaeleza kwamba mwalimu alichelewa kubadili wachezaji. Tulimwacha aeleze.