Tarakilishi ikizimika, tuchunguze kabla ya kuhukumu

Vijana wengi wanaocheza michezo ya tarakilishi nyumbani wanaijua adha hii. Mashine inawaka vyema, mchezo unafunguka, kisha baada ya dakika ishirini kioo kinaganda au mtambo mzima unajizima. Mzazi husema michezo ndiyo iliyoiharibu. Fundi wa mtaani husema kadi ya michoro imeungua na sharti inunuliwe nyingine. Kijana mwenyewe hufuta kila kitu na kuanza upya. Wote watatu wamekwisha kutoa hukumu, na hakuna aliyefanya uchunguzi.

Ningewaomba walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wakitafakari kisa cha prosesa za Intel za kizazi cha 13, ambazo zilianza kuuzwa Oktoba 2022, na za kizazi cha 14 zilizofuata. Wachezaji wengi waliokuwa na prosesa hizo, hasa za daraja la i9, walilalamika kwamba michezo yao ilikatika mara kwa mara. Ujumbe uliojitokeza mara nyingi ulidai kuwa kumbukumbu ya kadi ya michoro ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye kadi ya gigabaiti 24 aliambiwa kumbukumbu imekwisha, hata mchezo wenyewe haujaanza! Basi lawama zote zikaiangukia kadi. Mnamo Aprili 2024 kampuni ya Nvidia, ambayo huunda kadi za aina hiyo, ilibidi kuwaelekeza wateja waende wakaulize kwa Intel.

Ukweli wa mambo ni kwamba mchezo unapofunguka, data iliyobanwa hufumuliwa na prosesa, na kazi hiyo huisukuma prosesa kwa nguvu nyingi. Prosesa iliyodhoofika ikikosea hesabu moja, data hutoka ikiwa mbovu, na programu isiyojua kosa limetoka wapi hutamka ujumbe wowote ulio karibu. Homa nayo humpata mwenye malaria na humpata mwenye taifodi. Daktari anayetoa dawa kwa kuitazama homa peke yake hatumwamini, lakini fundi anayeuza kadi kwa kuutazama ujumbe tunamlipa.

Waliogundua mhalifu wa kweli walitumia njia nyepesi mno. Walipunguza kasi ya prosesa kidogo, kutoka gigahezi 5.5 hadi 5.3, bila kugusa kitu kingine chochote, na michezo ikaacha kukatika. Julai 2024 Intel ilikiri kwamba maagizo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volti zilizopita kiasi. Agosti ilitoa marekebisho na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Hata hivyo, marekebisho hayo yalikuwa kinga, si tiba: prosesa iliyokwisha kudhurika haikuwa na dawa ila kubadilishwa.

Si kila mashine inayozimika ina ugonjwa huo, wala sipendekezi kila lawama sasa ihamie kwa Intel. Majumbani mwetu kuna vumbi linaloziba feni hadi prosesa ikakaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na kuna visanduku vya umeme vya bei rahisi vinavyoshindwa kadi inapodai nguvu nyingi kwa ghafla. Kuna pia vipande vya kumbukumbu vyenye kasoro, ambavyo hutambuliwa kwa kutoa kimoja na kuiacha mashine ifanye kazi na kile kilichobaki, kisha kubadilishana. Jambo la kuzingatia ni kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha kadi, kumbukumbu na programu kwa mpigo huenda akaiponya mashine, lakini hatajua kilichoiponya, na mteja atakuwa amelipia vitu vitatu badala ya kimoja.

Aidha, Windows huweka kumbukumbu za matukio. Mashine ikizimika bila kufungwa ipasavyo, huandikwa tukio nambari 41. Wengi wakiliona neno "umeme" katika taarifa hiyo hukimbilia kununua kisanduku kipya cha umeme, ilhali taarifa yenyewe inasema tu kwamba mashine haikufungwa vizuri. Sababu haikutajwa.

Walimu wa hisabati wana haki ya kujivunia mwenzao. Mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa katika Chuo cha Lynchburg, Marekani, aliona kwamba hesabu zake za namba tasa pacha hazilingani. Angeweza kuilaumu programu yake na kuendelea. Badala yake alitumia miezi kadhaa akiondoa shaka moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki prosesa ya Pentium peke yake, ambayo ilikuwa ikikosea kugawanya baadhi ya namba. Intel ilikubali mwezi wa Desemba kuwabadilishia wateja prosesa hizo, na gharama aliyoisababisha mwalimu huyo ilifikia dola milioni 475.

La kusikitisha ni kwamba katika madarasa yetu mengi somo la tarakilishi bado ni kukariri majina ya sehemu zake, huku mashine mbovu zikirundikwa stoo kusubiri kutupwa. Mashine nzima haimfundishi mwanafunzi kuuliza. Ile inayozimika inamlazimu kuuliza. Itolewe stoo, umeme ukatwe kabla ya kifuniko kufunguliwa, na kando yake liwekwe daftari ambamo wanafunzi wataandika ilizimika saa ngapi, ilikuwa ikifanya kazi gani, na ni kitu gani kimoja walichokibadilisha tangu ilipozimika mara ya mwisho.