Faida ya halali haimwachii jirani moshi na taka

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika makala ya Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kutajwa pale tunapozungumza habari za biashara ya halali, nalo ni wajibu wa mfanyabiashara katika kuyatunza mazingira.

Waislamu tulio wengi tunafahamu vyema kuwa riba ni haramu, kwamba kupunja mizani ni dhambi kubwa, na kwamba nyama isiyochinjwa kisheria haiuzwi wala hailiwi. Familia inapofungua mgahawa, duka au gereji, maswali hayo huulizwa mapema, na ni vyema yaulizwe. Lakini ni wangapi kati yetu tunaouliza moshi wa jiko letu unaingia chumbani kwa nani, maji machafu tunayomwaga yanatiririkia kisima cha nani, na taka tunazozitupa usiku zinaziba mtaro wa nani?

Qur'an Tukufu inatusimulia habari za Nabii Shuaibu (A.S.), aliyetumwa kwa watu wa Madyan, nao walikuwa wafanyabiashara. Katika Sura ya 7, Al-Aaraf, aya ya 85, baada ya kuwaita watu wake wamwabudu Mwenyezi Mungu mmoja, aliwaamrisha watimize vipimo na mizani, wasiwapunje watu vitu vyao, na papo hapo akawakataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Wafasiri wanaueleza uharibifu huo kwa upana, na dhulma na maasi yamo ndani yake. Nasi tunaona kuwa kuichafua ardhi yenyewe, maji yake na hewa yake, hakuwezi kuwa nje ya katazo hilo. Mizani ya haki na ardhi salama vimetajwa katika aya moja, na anayeambiwa ni mfanyabiashara.

Mtume (S.A.W.) naye alitupigia mfano ambao watu wa pwani wanauelewa bila ya kufafanuliwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, wametajwa watu waliopiga kura ya nafasi ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wale wa chini walipohitaji maji iliwabidi wapite kwa wenzao wa juu. Wakaona ni afadhali watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wa juu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa wakiachwa wafanye watakavyo wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Tuzingatie kuwa watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji tu, na walidai kuwa sehemu ile ni yao. Ndivyo anavyodai pia mwenye gereji anayemwaga oili chafu nyuma ya uwanja wake, akasahau kuwa maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja.

Hapa ndipo linapozaliwa swali la daftari. Mfanyabiashara huandika humo kodi ya pango, mishahara, bei ya bidhaa na nauli, kisha kinachobaki hukiita faida. Lakini ikiwa sehemu ya gharama imebebwa na mtoto wa jirani anayekohoa, au na wakazi wa bondeni wanaofurikiwa na maji kwa sababu mtaro umejaa taka, faida hiyo haijakamilika hesabu yake. Kanuni mashuhuri ya sheria yetu, iliyotokana na hadithi ya Mtume (S.A.W.), ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Asiyemlipa jirani yake kwa madhara aliyomsababishia amempunja, hata kama mizani yake dukani iko sawasawa.

Wema waliotutangulia hawakuliacha jambo hili kwenye mawaidha peke yake. Katika miji ya Kiislamu kulikuwa na ofisa wa hisba aliyekagua masoko. Mwanachuoni Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa maofisa hao katika karne ya 12, aliagiza kuwa matanuri ya waoka mikate yawe na dari ya juu na matundu mapana ya kutolea moshi, ili watu wasidhurike. Tazama, ndugu msomaji, mambo tunayodhani ni mageni yaliletwa na wataalamu wa zama hizi, yalikuwa yakikaguliwa sokoni zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Tuchukue mfano ulio karibu na kila nyumba, yaani mkaa. Migahawa yetu mingi, mama lishe na wachoma nyama wanautegemea. Katika tanuri la asili la udongo, huhitajika takriban kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo kila gunia linaloshushwa mlangoni limeacha porini miti mingi kuliko macho yanavyoona. Na madhara hayaishii porini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wanaousogelea moshi huo zaidi ni akina mama na watoto walio mgongoni mwao.

Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mwezi Mei mwaka huo ikazindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwislamu mwenye mgahawa hapaswi kungoja mkaguzi abishe hodi. Yeye ana Mkaguzi asiyelala.

Sasa tuulize: ataanzia wapi mwenye mtaji mdogo? Kwanza, aanze na israfu, kwa kuwa kuiondoa hakuhitaji mtaji mkubwa na aghalabu huongeza kipato. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Maana yake, bomba moja bovu katika hoteli au kiwanda linamwaga kila siku maji ya udhu wa watu wapatao 30, na mwenye mali anayalipia kwenye ankara. Vivyo hivyo taa za LED hutumia umeme kidogo sana kuliko zile balbu za zamani zinazounguza mkono.

Pili, abadilishe moto kwa hatua. Asiyemudu gesi au umeme kwa mapishi yote, aanze na jiko banifu linalopunguza mkaa, kisha maharage na nyama zichukuazo saa nyingi azihamishie kwenye sufuria ya umeme ya presha. Tatu, atenganishe taka. Maganda na mabaki ya chakula ni lishe ya mifugo au mbolea ya mboji. Chupa na mabati yana wanunuzi wake. Oili chafu ikusanywe kwenye pipa lenye kifuniko, ipelekwe kwa wenye kibali cha kuichakata. Nne, apunguze vifungashio, na amkaribishe mteja aje na chombo chake.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya yataua biashara. Hofu hiyo ilisikika pia ilipokuja habari ya mifuko ya plastiki. Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi, iliipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002 baada ya kuonekana kuwa inaziba mitaro wakati wa mafuriko. Zanzibar ikafuata mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Maduka hayakufungwa. Wasusi wa vikapu na washonaji wa mifuko walipata soko, na sisi wanunuzi tukazoea kutoka nyumbani na kikapu kama walivyofanya bibi zetu. Plastiki haijatutoka yote, lakini tumejionea kuwa mazoea yanabadilika.

Kwa hakika mzigo huu si wa muuzaji peke yake. Sisi wanunuzi tukidai bei ya chini kuliko zote bila kuuliza imepatikanaje, tunamsukuma mwenzetu kulitoboa jahazi. Wenye uwezo wamkopeshe mama lishe jiko bora kwa mkopo mwema usio na riba, na vikundi vya kuweka na kukopa vilipe jambo hili nafasi. Misikiti nayo ianze na mabomba yake ya udhu. Watoto wetu wanaosaidia dukani wafundishwe kuwa kufagia mbele ya duka na kuzisukumia taka kwa jirani si usafi.

Ndugu wasomaji, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake, aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Katika swali hilo la kuchuma, moshi, maji na miti vitakuwa na ushahidi wake. Basi kila mwenye biashara aketi na watu wa nyumbani kwake, afungue daftari lake, na atafute ni gharama gani ambayo wengine wanamlipia bila ya ridhaa yao. Aitaje, kisha aanze kuipunguza mwezi huu huu, hata kama ni bomba moja au gunia moja la mkaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali isiyomdhuru kiumbe chake yeyote, na atuwezeshe kuirithisha ardhi hii kwa watoto wetu ikiwa salama. Amin. Wabillahi tawfiq.