Je, Wajua? Kitabu cha Vibonzo Huchorwa Mara Mbili

Mchora manga, yaani vibonzo vya Japani, huanza na rasimu ya penseli iitwayo nemu. Kichwa ni duara tu. Macho hakuna, nywele hakuna. Kinachoandikwa kwa makini ni maneno ya wahusika, maana mhariri lazima ayasome. Asiporidhika, ukurasa huchorwa upya kabla wino haujagusa karatasi.

Katika nemu ndimo mshtuko wa hadithi hupangiwa mahali pake: upande wa pili wa karatasi, jicho lisiuone kabla mkono haujafunua. Ufundi mtamu ulioje!

Kwa mchoro wa mwisho, wachoraji wengi wa vibonzo hutumia karatasi kubwa kuliko kitabu chenyewe. Lakini Art Spiegelman wa Marekani aliichora hadithi yake ya vibonzo, Maus, kwa ukubwa uleule wa kuchapishwa. Mwaka 1992 ikapata Tuzo Maalumu ya Pulitzer.